Papa Philémon Anayejua Ndege Ilipolala

Ukitaka kununua tiketi ya ndege kwa Papa Philémon pale Nyawera, hapa Bukavu, usianze na bei. Ukianza na bei anajifanya hakusikia. Yeye ndiye mwenye kuuliza kwanza, na swali lake ni moja tu: huko unakokwenda, ukifika umechelewa siku tatu, nani atalia? Kama hakuna, anakuuzia tiketi ya promosheni na kukutakia safari njema. Kama kuna bibi harusi, maiti, hakimu au mtihani unaokungoja, anakutajia bei ya kampuni inayofika, na ukilalamika anakuelekeza kwa wauzaji wengine, tena kwa adabu, mpaka rangi ya mlango wao. Nimeona wengi wakienda huko. Nimeona pia wengi wao wakirudi wiki iliyofuata, nguo za harusi zikiwa bado zimekunjwa mfukoni na harusi imeshapita.

Mimi ni jirani yake. Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, ukuta wetu ni mmoja, wa mbao, na kwa miaka kumi na moja tiketi zake zote zimetoka kwenye mashine yangu kwa sababu ya kwake ilikufa na hakuona haja ya kununua nyingine. Jina langu ni Delphine. Watu husema nina mdomo. Ni kweli, na katika siku ninazozisimulia hapa niliutumia bila kuuonea huruma.

Papa Philémon alizaliwa Cimpunda, mtoto wa saba wa fundi viatu. Alisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, kisha akapata kazi kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, ya kupima mizigo katika kampuni ya ndege ambayo leo hata jina lake limesahauliwa. Alipima mizigo ya wenzake miaka kumi na mitatu. Kampuni ilipofunga milango, mkubwa wa pale aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achukue kile anachoweza kubeba. Mmoja alichukua feni, wengine viti. Philémon alichukua mizani. Ipo mpaka leo mbele ya kibanda chake. Wasafiri hupima masanduku yao hapo kabla ya kwenda uwanjani, wamama wa soko hupima viazi, na kuna mwenye mapacha ambaye huwaleta kila Jumatatu kuona nani amemshinda mwenzake.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hajawahi kupanda ndege. Hata mara moja. Ile kampuni nzuri, ile anayoiuza kwa watu wenye tarehe, humpa kila mwaka tiketi moja ya bure kama asante kwa mwuzaji wa siku nyingi, kwenda na kurudi, na kila mwaka yeye humpa mtu mwingine. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema lazima abaki mtu mmoja chini wa kujibu simu.

Na simu zake si mchezo. Kila jioni saa kumi na mbili humpigia Zagabe, mpakia mizigo wa Kavumu aliyefanya naye kazi zamani, na kumuuliza ndege imelala wapi. Wauzaji wengine huangalia ratiba. Papa Philémon anasema ratiba ni maombi tu. Ndege ikiwa imelala Goma, kesho watu wataondoka asubuhi. Ikiwa imelala Kinshasa, mtu asitoke nyumbani kabla ya kula chakula cha mchana. Na Zagabe akisema imelala kwa fundi, basi Papa Philémon huvaa koti na kwenda mwenyewe nyumbani kwa abiria, kwa miguu ikiwezekana, kumwambia afungue sanduku atoe nguo zisikunjamane. Mimi sijui mwuzaji mwingine katika mji huu anayefanya hivyo.

Mwaka 2023, wakati Kavumu bado kulikuwa na ndege za abiria kila siku, ilikuja kampuni mpya iliyochora mbayuwayu kwenye mkia wa ndege yake. Watu wakaiita Mbayuwayu, na jina la kwenye karatasi likapotea. Bei yake ilikuwa maajabu. Kwenda Kinshasa dola tisini na tisa, wakati wengine walikuwa wanataka mara mbili na zaidi. Mabango yake mekundu yalijaa WhatsApp yote ya Bukavu, na redioni walikuwa wanaimba. Watu ambao maisha yao yote Kinshasa waliijua kwa muziki tu walianza kuota mabawa. Hata mimi nilihesabu akiba yangu, nikaona aibu, nikairudisha.

Papa Philémon hakuikataa Mbayuwayu. Alisema bei ya chini si dhambi, na kwamba kama si bei hiyo, maskini atakufa hajaona mawingu kutoka upande wa juu. Ila aliwaeleza watu jambo moja ambalo bango halikulisema: Mbayuwayu ilikuwa na ndege moja. Kampuni yenye ndege tano, moja ikishikwa na mafua, nne zinafanya kazi. Mbayuwayu ikishikwa na mafua, ni kampuni nzima iko kitandani.

Mwezi wa saba mwanzoni walifika pale mume na mke kutoka Nyantende. Mume aliitwa Mugisho, mrefu, wa maneno machache, kofia mkononi. Mke, Maman Georgette, ndiye aliyekuwa na habari, na alizimwaga zote kabla hajaketi. Mtoto wao wa kwanza, Parfait, aliyekuwa na wamisionari Kinshasa, alikuwa anapewa upadri Jumapili ya tarehe ishirini na tatu. Wiki mbili baadaye wakubwa wake wangemtuma Kameruni, na huko hakuna anayejua atarudi lini. Majirani wa shirika lao, ile jumuiya ndogo inayosali pamoja kila wiki, walikuwa wamechanga. Aliziweka pesa mezani zikiwa zimefungwa kwenye kona ya kitambaa: dola mia nne na ishirini.

Papa Philémon hakuwa na haja ya kuuliza nani atalia. Alihesabu kichwani, akawaambia polepole, kwa sauti ile anayotumia kwa watu wazima wanaosafiri mara ya kwanza.

"Kwa hii pesa kuna njia mbili. Mumoja anaenda na anafika. Ao bawili munaenda, na tutaona."

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja karatasi za kuchapa. Nilidhani jambo limekwisha. Nilimjua Papa Philémon: mtu mwenye upadri Jumapili hauziwi Mbayuwayu, hata akilia machozi. Alikuwa ameshashika kalamu kuandika jina la Maman Georgette kwenye kampuni nzuri. Ndipo Mugisho alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Maman akienda peke yake, mutoto atasema mimi ningali nimekataa."

Ikabidi watueleze. Parfait alipotangaza kwamba anataka upadri, miaka tisa nyuma, Mugisho alikataa. Mtoto huyo alikuwa kifungua mimba, ndiye aliyetakiwa kuzaa wajukuu na kushika shamba la ndizi ambalo babu yake alilipata kwa shida. Mtoto akaenda bila baraka ya baba. Miaka minne Mugisho hakumsemesha. Mtoto alipokuja likizo, baba aliamka mapema akaenda shambani na kurudi giza likiingia. Baadaye moyo ulilegea, wakaanza kusalimiana kwa simu, habari ya mvua, habari ya mbuzi, basi. Neno la ndiyo halikuwahi kutoka. Na siku ya kupewa upadri, huku kwetu, wazazi wawili humshika mtoto mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, wanatembea naye mbele ya watu wote na kumkabidhi kwa askofu. Hiyo ndiyo ndiyo yenyewe. Mugisho alitaka kuisema kwa miguu yake, kwa sababu kwa mdomo ilimshinda.

Papa Philémon aliweka kalamu chini. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Mbayuwayu ilikuwa na nafasi za promosheni Alhamisi tarehe ishirini. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi: siku tatu kabla ya Jumapili. Kipimo chake mwenyewe kilikuwa siku tatu. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu kampuni ianze, na Mbayuwayu haikuwa imechelewa zaidi ya siku moja na nusu. Akawauzia tiketi mbili. Nilizichapa mimi, kwa mikono yangu, na nilifurahi nilipokuwa nazichapa.

Siku ya Jumatano walikuja kupima mizigo. Promosheni iliruhusu mfuko mmoja wa kilo saba, na Papa Philémon alikuwa amewaambia, tena mara mbili. Lakini mwambie mtu wa Nyantende aende kumwona mtoto Kinshasa na kilo saba. Walileta maharagwe kilo ishirini, sambaza zilizokauka, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na unga wa muhogo wa kuwagawia hao wamisionari wote. Mizani ilipiga arobaini na moja. Maman Georgette alibishana na mizani kwa nusu saa, si na Papa Philémon, na mizani yenyewe, akiipandishia mzigo upya kila mara na kusema iko na roho mbaya. Mwishowe maharagwe yalibaki kibandani kwangu na sambaza zilihamia kwenye mifuko ya koti la mumewe.

Jioni ile Papa Philémon alipiga simu yake ya kila siku. Zagabe akasema Mbayuwayu imelala Kinshasa. Si vizuri, si vibaya. Alhamisi mchana tukawa na roho juu mpaka saa tisa, ndipo ujumbe ulipoingia kwenye simu: kwa sababu za kiufundi, safari imeahirishwa hadi kesho. Wazee wakaja kulala kwa mdogo wake Georgette hapo Panzi, badala ya kupanda mpaka Nyantende na kushuka tena.

Alhamisi jioni, imelala kwa fundi.

Ijumaa asubuhi niliongozana nao ofisini kwa Mbayuwayu. Hakuna aliyenituma. Pale tulimkuta kijana mmoja aitwaye Thierry, shati limepigwa pasi, manukato mpaka mlangoni. Aliwaita wazee papa na maman kwa heshima zote na hakuwaambia kitu. Kipande cha mashine kinangojwa kutoka nje. Kitafika lini? Mutajulishwa. Pesa zinarudishwa? Promosheni hairudishwi, imeandikwa chini ya tiketi, kwa herufi ndogo. Nilikuwa nimezichapa tiketi hizo mwenyewe na sikuwahi kuzisoma herufi hizo. Nilimwambia Thierry mambo ambayo nisingependa yaandikwe. Nilimwambia kama ndege yao inataka kupumzika basi waichore konokono kwenye mkia. Watu waliokuwa kwenye foleni walipiga makofi. Thierry alinipa maji ya kunywa, na hilo liliniudhi kuliko yote, kwa sababu nilikuwa na kiu nikayanywa.

Tuliporudi, Papa Philémon alikuwa ameketi bila koti, meza tupu mbele yake. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Niliketi naye, na aliniambia waziwazi kwamba ameharibu. Alijua kanuni yake, akaivunja kwa sababu huruma ilimpanda kichwani, na sasa wazee wale walikuwa wamekosa hata ile safari moja ya hakika ambayo pesa zao zingeweza kununua. Nilitaka kumtuliza nikasema kosa ni la kampuni. Akasema kampuni haikuwaangalia machoni wale wazee, yeye ndiye aliyewaangalia.

Kisha akasimama, akavaa koti, akaenda kwenye ofisi ya ile kampuni nzuri. Alikaa huko saa mbili. Alirudi na karatasi: kiti kimoja, Jumamosi kwenda, Jumanne kurudi, tarehe haihami. Ilikuwa ile tiketi yake ya bure ya mwaka. Alikuwa amemwandikisha mwenye kusafiri kama ndugu yake, bila kutaja mume wala mke, na jina aliliacha wazi. Kiti cha pili hakikuwepo, hata kwa bei ya kuuza shamba. Ndege ilikuwa imejaa.

Aliweka karatasi mezani katikati ya Mugisho na Georgette, akatoka nje. Mimi nilibaki mlangoni, sikuwa na adabu ya kutoka.

Georgette ndiye aliyesema kwanza. Alisema aende baba, kwa sababu ndiye anayengojwa. Yeye mtoto anamjua, hana deni naye la maneno. Alisema haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mugisho aliiangalia karatasi muda mrefu. Niliomba moyoni aichukue. Nilikuwa nimeamini kwamba mambo yote haya yalikuwa kwa ajili yake.

"Mimi nilimukosa miaka ine kwa kupenda kwangu," akasema. "Wewe haukumukosa hata siku moja. Haiko muzuri ulipe wewe. Kamata hii kiti."

Georgette alilia, na mimi nikalia upande wangu. Mugisho alitoa sambaza kwenye mifuko ya koti lake, akaanza kuzipanga katika mfuko wa mkewe. Kampuni nzuri iliruhusu kilo ishirini na tatu, kwa hiyo na maharagwe yalisafiri.

Jumamosi saa nne ndege iliruka kwa dakika ileile iliyoandikwa. Jumamosi jioni Georgette alipiga simu kutoka Kinshasa. Alikuwa amefika salama, mtoto amekonda kidogo lakini ni mzuri. Alikuwa amemweleza mtoto habari ya ndege na ya fundi. Parfait alisikiliza, akajibu sawa mama, na hakuuliza zaidi. Mugisho alipoambiwa hivyo alirudisha simu kwa Papa Philémon kama kitu kinachochoma. Alijua maana yake. Miaka tisa mtoto alikuwa amesikia kila sababu: baba yuko shambani, baba ana homa, baba amekwenda kwa mjomba. Sasa baba amekosa ndege.

Jumapili Mugisho alisali Nyantende, benchi la nyuma, akaondoka kabla ya matangazo.

Jumatatu jioni Zagabe alipiga simu mwenyewe bila kungoja kuulizwa: Mbayuwayu imetoka kwa fundi, inalala Goma, kesho saa tano inachukua watu wa Alhamisi. Papa Philémon alipanda pikipiki mpaka Nyantende na akanisimulia baadaye. Alimkuta Mugisho anakata majani ya mbuzi. Alimpa habari. Mugisho akaendelea kukata. Akauliza anakwenda kufanya nini, watu wameshaondoka, viti vimeshakunjwa, mke mwenyewe anarudi kesho.

"Ile siku njo iliisha," Papa Philémon akamwambia. "Mutoto hajaisha."

Mugisho alimaliza kukata majani, akawapa mbuzi, akanawa mikono, akaingia ndani kutafuta koti. Jumanne saa sita kasorobo aliruka na Mbayuwayu. Saa nane mkewe alitua Kavumu na kampuni nzuri, bila kuchelewa hata dakika. Walipishana huko juu, pengine juu ya Kindu, mmoja anatoka kwa mtoto, mwingine anakwenda. Georgette alipitia kibandani kuchukua habari za mume, akashangaa kuambiwa yuko angani.

Alitusimulia Jumapili yake. Walikuwa mapadri sita siku moja, kanisa limejaa mpaka barabarani, kwaya tatu. Yeye aliwekwa benchi la kumi na mbili, nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kikubwa. Nyimbo zilikuwa za Kilingala, mahubiri ya Kifaransa, na yeye Kifaransa chake kinaishia bonjour. Wakati wa kumkabidhi mtoto, binamu mmoja wa Kinshasa alitaka kushika mkono wa kushoto kwa niaba ya baba. Parfait alikataa. Alitembea na mama yake kulia, na kushoto aliacha wazi mpaka mbele kwa askofu. Baada ya misa watu walimzunguka, kila mtu anataka picha, na yeye Georgette alimshika mtoto wake kwa muda wa kusema hongera, basi akachukuliwa. Jumatatu Parfait alikuwa na mikutano. Jumanne asubuhi, ndege. Lakini nilimuona, alisema, nilimuona na hii macho yangu.

Tiketi ya Mugisho ilikuwa ya kurudi Alhamisi ya wiki ileile. Hakurudi Alhamisi. Mbayuwayu ilikuwa imelala kwa fundi tena, safari hii huko Kinshasa, siku tatu, kisha siku tano, kisha tukaacha kuhesabu. Georgette alikuja kuulizia kila baada ya siku mbili, mwanzoni kwa wasiwasi, baadaye kwa sauti nyingine ambayo sikuielewa mara moja. Papa Philémon aliendelea kumpigia Zagabe kila jioni, ingawa kampuni ile haikuwa tena ya kuuzia mtu yeyote.

Mugisho alishuka Kavumu siku ya kumi na mbili. Alikuja moja kwa moja Nyawera kabla ya kwenda nyumbani, akaketi juu ya mizani kwa sababu viti vilikuwa vimejaa, na akazungumza kuliko nilivyowahi kumsikia.

Alisema alifika kwa wamisionari Jumanne jioni. Parfait alifungua mlango mwenyewe, akamwona, akasimama tu. Walikula. Alipewa chumba cha wageni. Kesho yake kabla jua halijapanda vizuri Parfait alimgongea, akampeleka kwenye kikanisa chao kidogo, akawasha mishumaa. Hapakuwa na mtu mwingine. Mugisho aliuliza wengine wako wapi, akaambiwa hakuna wengine. Kabla ya kuanza, Parfait alishuka kutoka altareni, akampa mkono wa kushoto. Wakatembea wawili kutoka mlangoni mpaka mbele, polepole. Kisha mtoto akapanda, akamsomea baba yake misa.

"Yote na Mashi, lugha yetu," Mugisho akasema. "Yote. Alisahau wimbo wa mwisho, mimi njo nilimukumbusha."

Nilimuuliza alihubiri nini. Akasema alihubiri, na muda mrefu. Kwa siku kumi na mbili waliishi pamoja kwa sababu ndege haikutaka kupona. Walifua nguo, walitembea mpaka mtoni, Parfait alimwonyesha vitabu vyake, naye baba alimfundisha kukata machipukizi ya mgomba uliokuwa unasumbuka nyuma ya jikoni yao. Mtoto alipoondoka kwenda Kameruni, baba ndiye aliyembebea sanduku mpaka uwanjani. Alipoondoka Mugisho, nilimwona Papa Philémon anaifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Wiki iliyofuata akaja Maman Georgette, amevaa vizuri, kichwani kikapu cha parachichi. Alimshukuru Papa Philémon kwa tiketi, akamwombea maisha marefu, akatugawia parachichi wote wawili. Kisha akaketi, na uso ukabadilika. Alituambia kwamba kila akipika anamuuliza mumewe Parfait alihubiri nini asubuhi ile, na Mugisho anacheka peke yake, anatoka nje kuangalia mbuzi; yeye ana siku kumi na mbili za mtoto, alisema, na mimi nina hongera moja. Alikuwa na hasira, ya kweli, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho kilinifanya niache kazi yangu nimsikilize.

"Papa Philémon, ulinitendea muzuri, sitasahau," akasema. "Lakini nikuulize. Kwa nini ulinipatia mimi ile ndege yenye kufika?"